Mwaka Papa Odi Alipopokea Mbuzi

Papa Odi alinipigia simu mchana, nikiwa wodi ya wazazi hapa Mbarara, nikimsubiri mama mmoja wa Bwizibwera ajifungue. Hakuwahi kuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Mama amelala, binti yangu," aliniambia. "Amelala leo asubuhi. Hakuteseka mingi." Nikamuuliza kama amekula, swali la kijinga, lakini ndilo lililonijia mdomoni. Akasema amekunywa kahawa. Tukabaki hivyo, yeye kule kwao Norwe kwenye baridi, mimi huku na aproni yangu, mpaka laini ikakatika yenyewe. Nikarudi kumzalisha yule mama wa Bwizibwera. Alizaliwa mtoto wa kike, mwenye hasira, amekuja duniani anagombana. Kisha nikaenda kuketi sakafuni kwenye korido, na wauguzi wenzangu wakanipita kwa adabu wakidhani ni uchovu.

Habari za kifo cha Mama Guni, mkewe Papa Odi, zilipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kila mtu wa kijiji chetu cha Rubondo alikuwa na Mama Guni wake wa kumlilia. Kuna waliomkumbuka kwa nyimbo alizowafundisha, kuna waliomkumbuka kwa sindano na nyuzi, na kuna mwanamume mzima, mwenye ndevu, aliyenipigia akilia kwamba Mama Guni ndiye aliyemfundisha kupuliza pua. Mimi wangu ni wa mwaka mmoja. Nilikaa na wamishonari wale wawili miaka mingi zaidi, lakini nikifumba macho narudi mwaka uleule, mwaka niliotimiza kumi na minane, mwaka wa yule mbuzi. Sitaeleza tulivyotoka Kivu, kule Kongo, wala nani alibaki njiani. Hadithi hiyo kila mtu wa kambi anayo, na yangu haina jipya la kumwongezea mtu.

Majina yao halisi yalikuwa Oddvar na Gunhild, majina ambayo ulimi wetu sisi Wafuliiru hauna haja nayo, kwa hiyo tuliyakata. Walikuwa wamekaa Kivu ya Kusini miaka mingi kabla ya vita, mume akifundisha useremala kwenye misheni moja, mkewe akifundisha watoto. Vita ilipowatoa, wakaenda kwao, wakapumzika kidogo, wakaona hawawezi, wakatufuata Uganda. Waliikuta shule yetu ya kanisa ikiwa chini ya turubai. Papa Odi akaipandishia mabati kwa mkono wake, akiwa juu ya paa na kofia ya majani, akipiga kelele kwa Kiswahili cha Kivu kitupu: "Leteni misumari! Mingi! Hii haitoshe!" Wageni wa kizungu waliotoka Kampala na Kiswahili chao safi cha vitabuni walikuwa wakimsikiliza wanabaki midomo wazi. Mahali alipaita fasi, watu aliwaita batu, na badala ya ndivyo alisema njo vile. Alikuwa mtu wa kwetu kwa mdomo, tena kwa salamu, kwa kilio cha msibani, kwa kukaa chini. Ndiyo maana hakuna aliyefikiri kwamba kuna jambo letu asilolijua.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na jiko, na ubavuni mwa jiko palikuwa na kijichumba changu. Nilikuwa nimemaliza masomo ya pale shuleni, nikawa nawafundisha watoto wadogo kabisa kushika kalamu, na kwa sababu sikuwa na kwetu, kwetu kukawa pale. Ukuta kati ya kitanda changu na meza yao ya chakula ulikuwa wa mbao ambazo hazikufika juu, basi kila kilichosemwa mezani nilikisikia. Mama Guni alipika sombe, kisamvu chetu, iliyowashinda mabinti wengi wa kwetu, aliitwanga mwenyewe mpaka ikawa laini, lakini mkate wake mweusi ulikuwa mgumu hivi kwamba watoto waliuita tofali. Maharage aliyatia maziwa. Tulimcheka, yeye akacheka nasi, na kesho yake akayatia maziwa tena. Baada ya chakula cha mchana mlango ulifungwa, wakalala kidogo, na Rubondo nzima iliheshimu jambo hilo. Ulikuwa ukiwakuta wazazi wamekaa chini ya dirisha, na kuku wa zawadi mapajani, wanaongea kwa kunong'ona, wanasubiri wazungu waamke. Maana wazazi wale hawakuwa na kitu, na shukrani zao zilikuja kwa miguu au ndani ya kikapu: kuku, mahindi, maharage, mara moja hata bata mwenye kiburi aliyetutawala ua mzima mpaka Pasaka.

Mwaka ule ulikuwa uwe wa mwisho wao. Kanisa lao la kule lilikuwa limewaita warudi wapumzike, na si kanisa tu. Mama Guni alikuwa na mama yake mzazi, kikongwe, amelala kwenye nyumba ya wazee kando ya ziwa fulani, macho yanafifia, anauliza kila wiki binti yake atarudi lini. Kila Jumapili alasiri tulipanda naye kile kilima nyuma ya shule, mimi nikibeba mwavuli, kwa sababu simu ilishika pale juu tu. Alisimama kwenye jiwe lilelile, akajibana sikio moja kwa kidole, akapayuka, kwa kuwa bibi yule alikuwa hasikii vizuri. Lugha yao sikuijua, lakini neno mor nililijua, kwamba ni mama, kwa jinsi alivyolitamka. Watu wengine hufunga mizigo usiku wa kuamkia safari, lakini wao walianza miezi kabla. Masanduku ya bati yalitolewa, yakafutwa vumbi, na Mama Guni akawa anafunga sahani zake za bluu kwenye magazeti, moja moja, akiimba. Nilimpenda sana akiimba vile, na niliumia, na nitasema ukweli, nilikuwa na wivu na bibi yule wa ziwani ambaye sikumjua.

Ahadi yao kwangu ilikuwa kwamba hawataondoka kabla sijaingia chuo cha wakunga Mbarara. Ada ilikuwa tayari kwa watu wa kanisa lao, kilichobaki ni mimi kufaulu mahojiano. Basi siku ilipofika nilipanda lori la mahindi kupitia Kaberebere, nimevaa sketi ya Mama Guni iliyopunguzwa kiunoni, nikalala Mbarara kambini kwa askari. Msishtuke. Papa Odi alikuwa akienda kuhubiri kwenye kanisa dogo la pale kambini, na kwaya yetu iliwahi kuimba huko, kwa hiyo mke wa sajini mmoja, Mama Brenda, alinijua. Alikuwa Mnyankore mnene, mwenye sauti, na Kiswahili chake kilikuwa cha kijeshi, cha kuamrisha hata anapokukaribisha chai. Alinipa matoke na maziwa mpaka nikashindwa kupumua. Nikamwambia naogopa mahojiano. Pia nikamwambia, sijui kwa nini, kwamba kuna kijana wa kwaya, Bahati, anaitazama sana safu ninayosimama. Mama Brenda akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe soma kwanza, nyabo," alisema. "Bwana iko mingi. Hata hapa barakisi iko mingi sana, unaweza chukua hata leo. Lakini shule hapana ngoja mtu."

Bahati hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke. Alikuwa mwimbishaji wa kwaya, ana sauti ya kukutoa machozi, mpole, anachekacheka. Tatizo halikuwa yeye, ni nyumba yao. Baba yake, Mzee Kashindi, alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa mila, na katika ua wake mkamwana alikaa jikoni kwa mama mkwe mwaka mzima wa kwanza, kisha mtoto, kisha mwingine. Nilishawaona wake za kaka zake Bahati. Mmoja alikuwa bingwa wa hesabu darasani kwetu. Kwa hiyo mimi nikamchekea Bahati kwa mbali, nikaendelea na vitabu vyangu.

Mahojiano yalikwenda vizuri kuliko nilivyoota. Walinipokea palepale, mwalimu mmoja akanishika mkono. Nikarudi Rubondo kesho yake jioni juu ya lori, nimejaa vumbi na furaha, najipanga jinsi nitakavyowaambia. Lori liliposimama pale kisimani, wanawake waliokuwa wakipampu maji waliacha mitungi yao wakanipigia vigelegele. Nikashangaa habari zimefikaje kabla yangu. Nikawapungia mkono kama waziri. Nikatembea mpaka nyumbani nikisalimiwa kila mlango, nikamkuta jikoni Mama Sifa, mpishi wa shule, amenihifadhia bakuli la nyama yenye mchuzi, kipande kizuri cha ini juu yake. Nyama kwetu ilikuwa jambo la sikukuu. Nilikula nimesimama, na njaa ile ya safari, nikalamba vidole. Nilipomaliza ndipo nikauliza imetoka wapi. "Si ni ya kwako," Mama Sifa akasema, akishangaa swali. "Ile mbuzi ya kina Kashindi. Papa aliichinja jana ileile, hakungoja hata jua ianguke."

Sasa niwaeleze mambo ya mbuzi huyo. Kwa watu wa Mzee Kashindi, mtu akitaka binti wa nyumba fulani, hasemi. Kumtaja binti siku ya kwanza ni utovu wa adabu. Wanakuja wanaume wawili watu wazima, wamemshika mbuzi kwa kamba mpya, wanasalimia, wanakunywa maji, wanasema, "Huyu ni wa nyumba hii," wanaaga. Baba wa binti akiwa hataki, anamwacha mbuzi amefungwa uani, hamgusi. Kesho yake wanapita kama watu wanaokwenda shambani, wanamfungua, wanaondoka naye, na hakuna aliyetukanwa. Lakini baba akimchinja, basi amekubali, na nyumba yake ikimla, nyumba imekubali pamoja naye. Hakuna mtoto wa kwetu asiyejua hili. Papa Odi alijua kuzika, alijua kubatiza, alijua namna ya kumpokea mgeni na namna ya kukataa pombe bila kumuudhi mtu. Hili hakulijua, kwa sababu moja tu: katika miaka yote ile ya Kivu hakuna aliyewahi kumletea mbuzi wa namna hiyo, kwa kuwa hakuwa na binti. Wajukuu wa Mzee Kashindi walisoma kwetu, watoto walikuwa wamemaliza mitihani siku hiyohiyo. Aliona shukrani, akaona sikukuu, akanoa kisu. Alimshukuru Mungu kwa sauti, akawakaribisha na wale wanaume wabaki wale, wakakaa, wakala, wakashangaa mzungu mwenye haraka hivyo ya kuozesha binti.

Nilimkuta mezani anakunywa kahawa. Nikamweleza nimesimama. Alinisikiliza, kikombe kikashuka taratibu, na uso wake mwekundu ukawa mweupe kabisa. "Ile ilikuwa kado, zawadi ya shule," alisema kwa sauti ndogo. "Hapana?" Nikamwambia hapana. Akamwita mkewe kwa lugha yao, Mama Guni akaja na gazeti na sahani mkononi, akaelezwa, akaketi. Kisha, Mungu amsamehe, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea meza, Papa Odi akamtazama kwa uchungu mkubwa, na mimi, niliyekuwa karibu kulia, nikacheka naye, na ini la watu tumboni. Ulipoisha ule ucheko aliniuliza swali moja: "Wewe unamtaka Bahati?" Nikasema nataka chuo. Akasema basi, tutarudisha.

Kurudisha mbuzi aliyeliwa si jambo dogo. Papa Odi alikwenda kuulizia taratibu kwa wachungaji, wakajikuna vichwa, maana lilikuwa halijawahi kutokea kwa mtu mwenye akili timamu. Walikubaliana hivi: aletwe mbuzi wa kufanana na yule, jike kwa jike, mweusi kwa mweusi, na aletwe mchana kweupe na baba wa binti mwenyewe, kwa mguu, kwa mkono wake, si kwa gari na si kwa kumtuma mtu. Basi akamchukua Mama Brenda siku ya soko Kaberebere, kwa kuwa yule mama alijua mbuzi kuliko wachuuzi wenyewe, wakazunguka, mama akiwafungua mbuzi midomo na kuwasonya wauzaji, mpaka wakapata jike mweusi, mnene, mwenye macho ya dharau. Nilipenda kusikia Papa Odi akisimulia soko lile. Alisema Mama Brenda alimtambulisha kwa wauzaji wote kuwa "mzee amekula mbuzi ya bibi harusi, sasa anatafuta kutapika."

Siku ya kurudisha ilikuwa Jumamosi. Alivaa koti lake jeusi la mazishi na tai. Tulitoka wote watatu, yeye mbele na kamba, sisi nyuma, na Rubondo nzima ikatoka milangoni kutazama. Mbuzi akagoma. Alilala katikati ya barabara mbele ya kanisa, Papa Odi akamsihi kwa Kiswahili, akamsihi kwa Kinorwe, mwisho akambeba mabegani kama mzigo wa kuni, jasho likamchirizika kwenye tai. Watoto walitufuata wakiimba. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilikuwa naangalia mgongo ule mpana wenye mbuzi, na moyo ulinijaa, kwa sababu sijawahi kuona mtu akijidhalilisha vile kwa ajili yangu.

Mzee Kashindi alitupokea vizuri mno, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Viti vilikuwa vimepangwa. Wanawake walikuwa kwenye mikeka, na Mama Guni akaketi nao, miguu ameinyoosha kama wao. Bahati alisimama mlangoni, hakuniangalia. Papa Odi akasema aliyokuja kusema, kwamba alikosa kwa kutojua, kwamba anaiheshimu nyumba ile, na kwamba binti ana masomo. Mzee Kashindi akamsikiliza hadi mwisho, akamtazama mbuzi, akakiri ni mzuri kuliko wake. Kisha akaiacha kamba ile hewani, hakuipokea.

"Mbuzi inarudishwa na baba," alisema. "Wewe ni mwalimu yake."

"Mimi ni baba yake," Papa Odi akasema.

"Muzuri. Basi unijibu, baba yake." Mzee Kashindi hakupandisha sauti. "Masanduku yenu iko wazi, batu banaona. Mwezi ule mwingine ndege inawabeba. Huyu mutoto unamwacha kwa nani? Hapa kwangu kuko bazazi, kuko chakula, kuko jina. Kwako kutabaki nini? Mutu hawezi kuwa baba leo ya kukataa, na kesho yeye haiko. Kama unabaki mpaka mutoto anamaliza, nitapokea mbuzi yangu na hakuna kisirani. Kama unakwenda, umuache aingie kwangu."

Nimelifikiria neno lile miaka yote hii, na hadi leo sijapata kosa ndani yake. Mzee yule hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ameona mabinti wengi wa kambi walioachwa na wafadhili wema, wenye kupiga picha na kulia kwenye uwanja wa ndege, na alijua walipoishia. Kanisa lao lingenilipia ada, sawa, lakini likizo ningerudi wapi? Nikiugua, nani angenifuata? Akija mwingine na mbuzi wake, nani angemwacha amefungwa? Papa Odi alijua kabisa alichoulizwa, na alijua si yeye peke yake wa kujibu. Hakunitazama mimi. Alimtazama mkewe kule mkekani.

Mama Guni alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake, anaikunja na kuikunjua. Hakuna aliyemharakisha. Nilitaka kusimama niseme basi, nitaolewa, yaishe, lakini sikusimama. Nilikuwa namwona yule bibi kizee kando ya ziwa ambaye sikuwahi kumwona. Mama Guni aliinua uso, na macho yake yalikuwa mekundu tayari.

"Tunabaki," alisema. "Mpaka amalize."

Mzee Kashindi aliinuka, akapokea kamba kwa mikono miwili, akamshukuru Mama Guni, si mumewe. Tulilishwa ugali na maharage, tukaombewa safari ya kurudi nyumbani, na Bahati akaja kunipa mkono akasema nisome kweli, nisije nikawatia aibu wote. Baadaye alioa binti wa Kabazana anayempenda kufa, na kwaya bado ni yake. Lakini siku ile sikuyaona hayo. Nilichoona ni Mama Guni akirudi nyumbani amenishika mkono juu ya kiwiko kwa nguvu mpaka ukaniuma, akaingia ndani, akapiga magoti mbele ya sanduku la bati, akaanza kufungua magazeti. Alitoa sahani ya kwanza, akaifuta kwa kitenge. Nikamwambia, "Mama, acha. Nitaolewa, si mbaya. Uende kwenu." Hakugeuka. "Nyamaza," alisema, "shika hii sahani." Nikaishika. Tukazirudisha zote kwenye rafu, yeye akilia, mimi nikilia, na Papa Odi nje akipasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Jumapili tulipanda kilima. Alisimama kwenye jiwe lake, akapayuka, mor, mor, kisha akawa anaeleza kwa muda mrefu, kisha akawa anasikiliza. Nilisogea mbali na mwavuli wangu nikatazama mabati ya Rubondo yakiwaka jua. Ghafla akacheka kwa machozi. Tulipokuwa tunashuka nikamuuliza bibi amesema nini. Alisema amelia, halafu ameuliza kama huyo msichana angalau anajua kupika samaki. Sikujua. Wiki ileile akanifundisha, kwa samaki wa ziwa letu la Nakivale na maziwa, na hawakuwa wazuri, na tuliwamaliza.

Nikaenda chuo. Kila likizo nilikuwa na pa kurudi, na kijichumba changu kilikuwa kimefagiliwa. Yule bibi wa ziwani alifariki nikiwa mwaka wa pili, msimu wa mvua, na Mama Guni hakuwahi kufika kumwona. Nilipofika Rubondo niliwakuta wanawake wamejaa uani, wamelichukua jiko lake lote bila kuomba, na mlango ule uliokuwa ukifungwa mchana umeachwa wazi, watu wanaingia na kutoka. Yeye alikuwa katikati yao mkekani, kichwa mapajani kwa mkewe Mzee Kashindi. Mzee mwenyewe alikuwa anapasua kuni. Nikaketi miguuni pake. Siku ile sikuthubutu kumuuliza lolote. Nilimuuliza siku niliyopata cheti changu, tukiwa wawili tunaosha vyombo, kama anajuta.

Wengine wangenidanganya kwa wema. Yeye aliikausha mikono yake kwanza. "Ninajuta, ndiyo," alisema. "Nilitaka kuona mama yangu, sikumuona, na hiyo haiponi. Lakini wewe usiibebe. Mimi njo nilisema, siyo wewe." Kisha akanipa sufuria niisugue.

Waliondoka mwaka uliofuata, wazee tayari, na mimi nikiwa na kazi na chumba changu Mbarara. Tangu hapo ilikuwa simu kila Jumapili, yeye ndiye aliyekuwa akipayuka na mimi ndiye niliyekuwa nikitafuta mahali penye mtandao mzuri. Alipolala, nilijaribu kwenda kumzika. Nilifika Kampala na karatasi zangu za ukimbizi, nikaketi kwenye viti vya plastiki vya ofisi ya viza, nikaelezwa kwa upole kwamba ombi langu haliwezi kushughulikiwa kwa haraka hiyo, na kwamba marehemu si ndugu yangu. Sikubishana. Nilirudi kazini, na siku ya maziko nilikuwa zamu.

Papa Odi alinipigia jioni ile. Akanieleza yote taratibu, nani alihubiri, nyimbo zipi, kwamba theluji ilianguka kidogo kisha ikaacha. Akanieleza kwamba kwenye kanisa lao benchi ya mbele kabisa ni ya watoto wa marehemu, na mchungaji alimuuliza nani wa kuketi pale, maana wote wanajua kwamba wao wawili hawakuzaa. "Nikamwambia mwenye kukaa pale iko Mbarara," alisema. "Nikamwambia, muache fasi yake." Ndugu za Mama walikuwa wengi, akaendelea, kanisa lilijaa mpaka wengine wakasimama nyuma tangu mwanzo hadi mwisho, wazee wenzake wenye fimbo, na benchi ile hakuna aliyeikalia.